Gauni la Mfuko

Jumapili hiyo Scolastika alikuwa amekaa benchi la tatu upande wa wanawake, mtoto wake wa mwisho amemlalia pajani, akisubiri matangazo yaishe arudi nyumbani akapike. Matangazo ya kigango chao, nje kidogo ya Ushirombo, hayakuwa na jipya siku zote: nani kapotelewa na mbuzi, zamu ya nani kufagia kanisa, padre atakuja lini. Kisha baba yake, Mzee Telesphori, akasimama.

Mzee Telesphori hakuwa mtu wa kusimama bure. Alikuwa mwenyekiti wa wazee wa kanisa, na kabla ya hapo alikuwa fundi mbao mgodini Geita mpaka mgodi ulipofungwa, na mambo hayo mawili yalimfanya aamini kwamba yeye akikohoa, wengine wote hunyamaza. Akakohoa. Watu wakanyamaza.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele na milele, amina."

"Ndugu zangu, katekista wetu amelalamika mpaka sauti imemkauka. Vijana wanatoroshana kama mbuzi wa wizi, hawafungi ndoa. Ukiwauliza, wanasema hawana nguo. Na kweli, nguo ziko wapi? Duka la kijiji lina chumvi na kibiriti, na kibiriti chenyewe hakiwaki. Basi ukoo wangu umekaa, umezungumza, umeanzisha mfuko. Mfuko wa Harusi! Asiye na uwezo katika kigango hiki, akitaka kufunga ndoa, asikwame. Mwanangu Gelasius ametoa suti yake. Mama Gelasius ametoa masufuria yake mawili makubwa. Mimi natoa majaluba yangu ya kule mbugani, mpunga wake wote ni wa mfuko. Na binti yangu Scolastika..." akageuka, akamtafuta kwa macho, akamwona, akatabasamu, "ametoa gauni lake la harusi."

Kanisa zima likapiga makofi. Scolastika naye akapiga, mara mbili tatu hivi, kabla akili haijamfikia.

Ukoo ulikaa lini? Ulizungumza wapi? Gauni lake lilikuwa nyumbani kwa mumewe, ndani ya sanduku la bati lenye kufuli, chini kabisa, limefunikwa kwa majani ya mwarobaini ili mende wasilionje. Baba yake alilinunua Mwanza kwa kiinua mgongo cha mgodini, satini nyeupe inayoteleza mkononi kama maziwa, lesi shingoni na kwenye mikono, mkia wa kuburuza nyuma. Mwaka alioolewa, watu walitoka hadi Runzewe kuja kulitazama, na wengine walipofika walisahau kumtazama aliyelivaa. Sasa Scolastika alikuwa na watoto watano na gauni halikumpita hata mabegani, lakini kila kiangazi alilitoa, akalianika kivulini, akalitazama, akalirudisha. Binti yake mkubwa, Paskazia, angelivaa siku moja. Hayo ndiyo yalikuwa mawazo yake, na hakuwahi kumwambia mtu kwa sababu hakuona nani angeuliza.

Mumewe Ansgar, aliyekuwa upande wa wanaume, alimkuta nje akiwa amesimama kama mtu aliyeibiwa sokoni.

"Mama Paskazia, kumbe una moyo namna hiyo?"

"Hata mimi nimeusikia leo," Scolastika akasema, akamkabidhi mtoto, akashika njia ya kwa baba yake.

Alimkuta mzee ameshavua viatu, amenyoosha miguu kwenye kigoda, uso umemng'aa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umeona watu walivyofurahi?"

"Nimeona. Baba, gauni nimelitoa lini?"

Mzee akafikiri. "Leo."

"Na ukoo umekaa lini?"

"Mimi nilikaa jana jioni. Mimi ndiye mkubwa wa ukoo, nikikaa mimi umekaa."

Mama yake, Mektilda, alikuwa mlangoni anapepeta mchele. Hakuinua kichwa. "Usigombe, mwanangu. Mimi habari ya masufuria yangu nimeisikia hapo hapo kama wewe. Nikafikiri kuna Mama Gelasius mwingine."

Gelasius mwenyewe alikuwa na bahati zaidi. Alikuwa mwalimu Kahama, na habari ya suti yake aliipata alipokuja likizo, akaitafuta kabatini, akakuta henga peke yake inaning'inia.

Scolastika aligomba siku hiyo, akagomba siku iliyofuata, siku ya tatu akachoka, kwa sababu kila alipopita watu walimshika mkono wakimwambia Mungu atamzidishia. Ni vigumu kumnyang'anya mtu kitu akishakushukuru, hata kama hukumpa wewe. Mwishowe akamwambia baba yake: "Sawa. Lakini gauni litakaa kwangu. Nitalifua mimi, nitalipiga pasi mimi, na sindano haitaligusa isipokuwa sindano yangu."

"Hayo ndiyo niliyokuwa nimepanga," mzee akasema.

Basi mfuko ukaanza kazi. Bibi harusi wa kwanza alikuwa mwembamba, Scolastika akalibana gauni ubavuni. Wa pili alikuwa mrefu kama mtama wa mbugani, akalishusha upindo. Wa tatu alikuwa na tumbo ambalo mama yake alisema ni la kushiba, Scolastika akalilegeza kiunoni bila kuuliza alishiba lini. Baada ya kila harusi alilifua kwa majani ya mpapai, maana sabuni miaka ile ilikuwa kitu cha kusimuliana, akalipiga pasi ya mkaa akiwa ameweka kitambaa juu yake, huku ameshikilia pumzi. Na kila harusi alikwenda, akakaa karibu na njia ya katikati, macho yakifuata mkia wa gauni tu. Mtu akiukaribia na bakuli la mchuzi, Scolastika alikohoa. Alikuwa amerithi kikohozi cha baba yake. Vijana wakampa jina, Polisi wa Satini, na alilijua, na hakulichukia sana.

Mzee Telesphori alinenepa kwa furaha. Mpunga wa majaluba ulijaa magunia, ubwabwa ulipikwa kwenye masufuria ya Mektilda, na kila mwishoni mwa harusi mtu alisimama akamshukuru, naye akasema si kitu, si kitu, akabaki amesimama kidogo ikiwa kuna mwingine wa kushukuru.

Halafu akaja Zipora.

Alikuja mwaka huo baada ya Pasaka, na mumewe Bujiku nyuma yake. Walikuwa wafugaji Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao siku nyingi, wakazeeka hapo hapo. Zipora alikuwa mama mnene, mrefu, sauti yake ikisikika ng'ambo ya mto. Bujiku alikuwa mdogo, mkavu, mkimya, na watu walisema alinyamaza mwaka aliooa kwa sababu nafasi ya kusema haikubaki. Walikuwa wamebatizwa wote wawili Pasaka ile ile. Mzee Telesphori aliwakaribisha, wakapewa viti, Scolastika aliyekuwa amekuja kumsaidia mama yake akaletewa kigoda.

"Tumekuja kwenye mfuko," Zipora akasema. "Tunataka kufunga ndoa."

"Vizuri sana," mzee akasema. "Mnamwozesha yupi? Yule mdogo?"

"Tunajiozesha sisi."

Mzee akamtazama Bujiku. Bujiku akatazama kofia yake.

"Mama Limbu," mzee akamwambia Zipora kwa upole wa mwenyekiti, "ninyi mna wajukuu. Padre atawabariki tu hapo altareni, na nguo zenu hizi hizi, hazina ubaya. Mfuko huu ni wa mabinti."

"Mimi nilikuwa binti," Zipora akasema. "Mfuko ndio umechelewa."

Mektilda akacheka ndani ya ungo wake. Mzee akajaribu tena. "Gauni, unajua, ni la bibi harusi."

"Na mimi ni nani? Mmesema mahali kwamba bibi harusi awe na meno yote?"

"Hatujasema, lakini..."

"Ulisema kanisani asiye na uwezo asikwame. Ng'ombe ninao, sikatai. Lakini nioneshe duka moja toka hapa mpaka Shinyanga linalouza gauni jeupe kwa ng'ombe, niende leo. Kama halipo, mimi nimekwama."

Mzee Telesphori akakohoa, na kwa mara ya kwanza kukohoa hakukumsaidia. Akasema ukoo utakaa, utalifikiria. Scolastika akashusha pumzi kimyakimya. Alikuwa ameshampima Zipora kwa macho tangu alipoingia, akaona satini yake ikipasuka toka shingoni mpaka mkiani.

Lakini wageni walipoaga, Zipora akabaki nyuma, akamshika Scolastika mkono, akamwita mama kwa Kisukuma. "Mayu, wakati wanaendelea kufikiri, si nilione tu? Kuona hakupasui kitu."

Wakaenda wote kwa Scolastika. Akalitoa gauni sandukuni, akalitandaza kitandani. Zipora hakuligusa kwanza. Alifuta viganja kwenye khanga yake, pande zote mbili, kisha akapitisha kidole kwenye lesi polepole.

"Mimi nilioshwa, nikapakwa samli, nikavalishwa nguo nzuri, nyeupe hivi," akasema. "Ya kuazima. Mwenyewe alikuwa shangazi yake Bujiku. Jua halijatua akaja kuidai, ngoma bado inalia, kwa sababu kulikuwa na harusi nyingine kijiji cha pili nao wameiazima. Nikavuliwa nyuma ya ghala. Nikamalizia kucheza na ngozi ya ndama." Akacheka mpaka kitanda kikatikisika. "Bujiku aliniona akasema, hata hiyo imekukaa. Ndilo neno refu kuliko yote aliyowahi kuniambia."

Scolastika naye akacheka, kisha akajikuta hacheki tena. Akalitazama gauni, akamtazama yule mama.

"Vaa," akasema.

Kuvaa kulichukua nguvu za watu wawili na Paskazia akaitwa wa tatu. Mikono ikaingia, kifua kikaingia kwa kubembelezwa, lakini mgongoni gauni likakataa kabisa. Pengo lililobaki lingepitisha beberu na pembe zake.

"Mbele linanitosha," Zipora akasema, akijitazama kwenye kioo kidogo cha Ansgar cha kunyolea, kipande kwa kipande. "Na padre si atanitazama mbele?"

"Padre atakutazama mbele, mayu. Kigango kizima kitakutazama nyuma."

"Basi weka kiraka."

Kiraka kilitaka kitambaa cheupe, kingi, kisicho na doa. Scolastika akatafuta kote. Kahama hakuna, Ushirombo hakuna. Masista wa misheni walimwonesha mapazia yao, yalikuwa ya kijani. Jioni akamweleza mama yake.

"Kitambaa cheupe kipo," Mektilda akasema. "Kiko chini ya kitanda cha baba yako, kimefungwa kwenye karatasi ya kaki. Kinamsubiri afe."

Scolastika alikuwa amesahau. Baba yake alijinunulia shuka la kuzikiwa zamani, vitu vilipokuwa bado vipo madukani, shuka zito la pamba. Alikuwa mzima kama ng'ombe wa maksai, lakini mara moja moja alilifungua akalikagua, akasema watoto wa siku hizi huwezi kuwaachia jambo kama hilo.

"Hatalitoa," Scolastika akasema.

"Ukimwomba, hatalitoa," mama yake akakubali, akaendelea kuchagua mchele. "Lakini wewe uliombwa?"

Jumapili iliyofuata, katekista alipouliza kama kuna tangazo lingine, Scolastika akasimama. Akakohoa. Kanisa likageuka.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele na milele, amina."

"Mimi nina shukrani tu, kwa baba yangu mzazi, Mzee Telesphori. Mnajua mfuko wetu ulianza kwa vijana. Sasa baba ameona kwamba wapo na wazee wetu wanaotaka kufunga ndoa takatifu, na ameamua wasibaguliwe. Mama Zipora na Baba Bujiku wataoana hapa kwa nguo za mfuko." Vigelegele vikaanza nyuma. Scolastika akainua mkono. "Na kwa kuwa gauni lilikuwa dogo, baba ametoa lile shuka lake alilojiwekea la kuzikiwa, tuliongezee. Sijui kama kuna mzee mwingine hapa angefanya hivyo."

Hakukuwa na mzee mwingine ambaye angefanya hivyo, na kati ya ambao wasingefanya alikuwemo Mzee Telesphori mwenyewe. Lakini kanisa lilikuwa limeshasimama. Wanawake walipiga vigelegele, Zipora akipiga cha kwake juu ya vyote, wanaume wakampa mzee mikono toka kulia na kushoto, katekista akafuta miwani. Kisha, polepole, tabasamu la mzee la siku zote likaanza kumpanda usoni lenyewe, kama ng'ombe anayejua njia ya zizini.

"Si kitu," akasema. "Si kitu."

Nyumbani ilikuwa hadithi nyingine. "Nitazikwa na nini?" akafoka, akizunguka uani na karatasi tupu ya kaki mkononi.

"Usife," Mektilda akamwambia. "Mfuko bado mchanga, unakuhitaji."

Scolastika akapasua mshono wa nyuma wa gauni lake mwenyewe. Alikuwa amefikiri ungemuuma, ule mlio wa uzi ukikatika, na uliuma, ila kidogo kuliko alivyojiandaa. Akaweka vipande viwili vipana vya shuka, akavishona kwa mkono, akavifunika kwa lesi iliyotolewa mikononi. Ukitazama kwa karibu uliona satini inang'aa na pamba haing'ai. Ukitazama kwa mbali uliona Zipora tu.

Siku ya harusi mvua ilinyesha alfajiri ikakatika. Zipora alikataa kupanda mkokoteni, akasema anataka waliomwona na ngozi ya ndama wamwone na satini, na wengi wao, waliohamia pamoja naye, walikaa kando ya njia. Wanawe sita, wachungaji wenye vifua vipana, walibeba mkia wa gauni usiguse matope, kila mmoja ameushika kama kamba ya ndama asiyeaminika. Bujiku alitangulia ndani ya suti ya Gelasius. Suti ilimmeza. Mikono iliishia mahali fulani ndani ya mikono ya koti, na Scolastika alipotaka kuikunja kwa ndani, Bujiku alifungua kinywa akasema, "Iache. Watu waone nimepewa nguo nyingi."

Padre alifika na pikipiki yake, ametapakaa matope, akatazama maharusi, akatazama msururu wa wajukuu, akamuuliza katekista kama ni harusi moja au zote. Ibada ikaanza. Alipomuuliza Zipora kama anamkubali Bujiku, hajamaliza swali, Zipora akajibu, "Padre, nimeshamkubali mpaka nimezeeka, endelea tu."

Wakaambiwa wapige magoti. Zipora akashuka taratibu, kama mzigo wa pamba unaoteremshwa toka kwenye lori, na goti lilipogusa sakafu Scolastika akasikia: krrr.

Hakuna mwingine aliyesikia. Yeye angeusikia mlio huo hata akiwa Kahama. Mshono wa kushoto ulikuwa umeachia, na uzi ulikuwa unatoka tundu kwa tundu, kuelekea chini. Akainuka toka benchi, akatembea katikati ya kanisa bila kukohoa, akapiga magoti nyuma ya bibi harusi, akaushika mshono kwa mikono miwili.

"Mayu," Zipora akanong'ona bila kugeuka, "ni mkubwa?"

"Si mkubwa. Usipumue sana."

"Nitajaribu. Leo nina furaha, inanijaa."

Na Scolastika akaanza kucheka. Alijiuma mdomo, akatazama sakafu, akafikiria mambo ya huzuni, haikusaidia. Mgongo wa Zipora nao ukaanza kutikisika, na kila ukitikisika mshono ukaachia kidogo zaidi, na wote wawili wakazidi. Padre aliona bibi harusi anatoa machozi na mama mwingine nyuma yake anatoa machozi, akaguswa, akarefusha baraka. Scolastika alibaki hapo mpaka amina ya mwisho, ameshikilia satini na shuka pamoja, vidole vimekufa ganzi. Kisha akatoka nyuma ya Zipora hatua kwa hatua mpaka nje, wakifuatana kama vipofu, wanawake wakidhani ni desturi mpya, na wawili watatu wakasema ni nzuri, waitumie harusi zijazo.

Huko uani kulikuwa na ubwabwa, na ngoma, na Zipora alicheza kwa pini tisa za Mektilda mgongoni. Gauni lilirudi na udongo mwekundu mpaka magotini na doa la mchuzi kifuani ukubwa wa kiganja. Scolastika alilitazama doa lile, akangoja hasira ije. Haikuja, akaendelea kula.

Baada ya hapo wazee wakafumuka. Wenzao Zipora na Bujiku, watu walioishi pamoja tangu enzi za mkoloni, walikuja wawili wawili wakiwa wameshikwa na aibu. Mzee Telesphori aliwapokea wote, akiwaambia jinsi alivyopata wazo hilo. Zipora alileta mtamba mmoja kwa ajili ya mfuko na akakaa nao kikao, na kikao cha pili akaja bila kualikwa, na cha tatu wakamsubiri yeye ndipo waanze.

Mwezi wa saba akaja Limi, yatima aliyelelewa na bibi yake, msichana mdogo mwembamba ambaye upepo ungeweza kumchumbia kabla ya kijana wake. Alipolivaa gauni lilimzunguka mara mbili, na bado likabaki la kukalia. Scolastika akachukua mkasi.

"Usikate!" Zipora akasema toka kwenye kigoda. "Mpe mtoto huyu mwezi mmoja akae kwangu, anywe maziwa. Atalijaza."

"Mama Limbu, harusi ni Jumamosi."

"Basi isogezwe. Ng'ombe wangu wanakamuliwa vizuri sasa hivi."

"Bwana harusi amemchumbia huyu, hajamchumbia mwingine."

"Atamshukuru Mungu kwa nyongeza."

Limi alisimama katikati yao, amefunikwa na satini mpaka puani, macho yakienda kwa huyu na kwa yule, hajui kama acheke. Scolastika akaweka mkasi chini, akachukua sindano, akaipitisha uzi. "Shika hapa," akamwambia Zipora, "na uvute. Mimi nabana."

Zipora akavuta, huku bado anabisha.